Mabaki ya chakula cha hoteli kuendesha gari: jibu kwa ndugu wa Nungwi

Swali lenyewe nalifupisha. Ndugu yetu ana Dyna ya dizeli, lile lori dogo la mizigo, kila siku asubuhi anazunguka hoteli mbili za Nungwi anachukua mabaki ya chakula, ndoo kumi hivi za lita 20. Kidogo anampelekea mwenye kuku, yaliobaki yanaishia jaa la Kibele pamoja na taka nyengine. Sasa kuna fundi kamwambia atamjengea mtambo wa biogesi, gesi ijazwe kwenye mitungi ya kupikia, na Dyna itembee bila kununua dizeli tena. Anataka nusu ya pesa kabla ya kuanza kazi. Ndugu yetu anasema kasikia Ulaya na India mabasi yanatembea kwa taka za chakula, anauliza: "ni kweli au ndo napigwa?"

Yakhe, mambo mawili hapo ni kweli na mawili yatakuumiza. Kweli ni kwamba chakula kikioza pasipo hewa kinatoa gesi inayowaka, na gesi hiyo ikisafishwa gari inatembea, tena vizuri tu. Yatakayokuumiza ni mitungi ya kupikia, na hiyo Dyna ya dizeli. Mimi rai yangu nakwambia mapema usije ukachoka kusoma katikati: kwa mzigo wako wa ndoo kumi gesi ipelekwe jikoni, gari ni kazi ya mji mzima, na mji wenyewe uanze na magari yake ya taka.

Tuanze na gesi inavopatikana, mana hapa ndo watu wanadanganywa kwa urahisi. Lile tangi unaloozeshea ni kama tumbo la ng'ombe, na si kwa mfano tu, wale vijidudu wa mwisho wanaotoa gesi ni jamaa wa wale wale waliomo tumboni mwa ng'ombe, ndo mana mtambo mpya tunauanzisha kwa kinyesi chake. Kazi inakwenda kwa zamu. Kuna bakteria wanaovunja wali, mkate na mboga, kuna wanaogeuza vile vilivyovunjwa kuwa asidi, alafu kuna hawa wa mwisho wanaokula asidi na kutoa methani, ambayo ndo gesi inayowaka. Sasa wale wa mwanzo wana haraka, hawa wa mwisho wapole sana, na chakula cha hoteli ni laini kinaoza mbio, kwahiyo ukitia kingi kwa siku moja asidi inajaa, wale wapole wanakufa, na mtambo unabaki kunuka tu bila kutoa moto. Ukishafika hapo unaanza karibu upya. Nshaona mitambo mingi imekufa kwa kushiba, iliokufa kwa njaa ni michache.

Bakteria hawa wanapenda joto la nyuzi 35 mpaka 40. Wenzetu wa Ulaya wanachoma sehemu ya gesi yao kupasha tangi wakati wa baridi, sisi joto la Unguja linatusaidia bure, tangi likiwekwa juani na kupakwa rangi nyeusi unakaribia kabisa. Hii ndo faida yetu kubwa na watu hawaisemi.

Gesi inayotoka si safi. Methani ni nusu au zaidi kidogo, tuseme asilimia 50 mpaka 65, iliobaki karibu yote ni hewa ukaa ambayo haiwaki, kuna mvuke wa maji, na kuna haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza, ambayo ni kidogo lakini ni sumu na inakula chuma. Hiyo ntairudia.

Sasa hesabu, na hapa nakuomba uchukue kalamu. Tani moja ya mabaki ya chakula ikioza vizuri inatoa kama mita za ujazo 100 mpaka 150 za gesi ghafi, ndani yake methani kama mita 60 mpaka 80. Mita moja ya ujazo ya methani safi ina nguvu karibu sawa na lita moja ya dizeli. Kwahiyo kwa karatasi, tani moja ni lita 60 mpaka 80 za dizeli. Lakini karatasi ni karatasi. Mji wa Indore kule India walizindua mtambo mkubwa Februari 2022, umejengwa kwa tani 550 za taka za chakula kwa siku na kutoa kilo 17,000 za gesi ya magari. Gawanya mwenyewe: kila tani ni kilo 31 hivi, ambazo ni kama lita 40 na kidogo za dizeli. Hao ni watu wenye wahandisi na mashine za maana, taka zao zinachambuliwa toka majumbani. Kwahiyo mtu akikuahidi lita 200 kwa tani mwambie aende akafundishe Indore.

Kwako wewe, ndoo kumi zikijaa sawasawa tuseme kilo 200. Kwa siku utapata gesi ghafi kama mita 24 kwa hesabu nzuri, ndani yake methani mita 14, yani ukipatia kila kitu lita 14 za dizeli, na kwa kiwango cha Indore lita 8 tu. Si haba, nakubali. Ndo mana fundi wako anaongea kwa kujiamini, mana gesi ipo kweli. Tatizo ni kuifikisha kwenye injini.

Mita 24 za gesi ni chumba kizima, tatu kwa tatu na dari ya mita mbili na nusu na ushei. Huwezi kubeba chumba juu ya Dyna. Gesi ya kupikia unayoijua inakubali kugeuka maji ukiibana kidogo tu, ndo mana mtungi wa kilo 15 unapikia siku nyingi. Methani haikubali. Ubane utakavyo kwa joto letu hili haigeuki maji, mpaka uipoze chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri, kitu ambacho hakifanyiki uani kwa mtu. Kwahiyo njia pekee ya kuibeba ni kuibana mpaka kama mara 200 ya presha ya hewa ya kawaida, ndani ya silinda nene zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye muhuri na tarehe ya kupimwa. Bajaji na teksi za Dar zinazotumia gesi ya Songo Songo ndo zimefungwa silinda za aina hiyo.

Mtungi wa kupikia haukutengenezwa kwa presha hiyo. Presha ya ndani yake siku zote haifiki hata moja ya kumi ya ile ya silinda za gari. Ukiulazimisha utapasuka, na ukipasuka hautakwambia kabla. Na tuseme fundi ni mwangalifu, anakujazia kwa presha ndogo ile mtungi unaoiweza, je? Basi mtungi wa kilo 15 utakaa gesi ghafi isiofika hata thuluthi ya mita moja, nguvu yake ni chini ya robo lita ya dizeli. Dyna yako hiyo hufiki nayo hata Kendwa. Kwahiyo ama unabeba bomu ama unabeba hewa, na ile ya kati haipo. Hili peke yake linatosha kumnyima pesa yako.

Halafu injini. Dizeli inawaka kwa kubanwa, haina plagi. Methani haiwaki kwa kubanwa namna hiyo, inataka cheche. Injini ya petroli ina plagi tayari, ndo mana kule Dar wanaobadilisha kwa wingi ni wa petroli. Ya dizeli ama uifumue uweke plagi na upunguze mbano, ama utie mfumo wa kuchanganya, dizeli kidogo iwashe na gesi isukume, na hapo bado unanunua dizeli. "Bila dizeli tena" aliokuahidi haipo kwa gari yako ilivyo sasa.

Na kabla ya kufika kwenye injini lazma gesi isafishwe. Hewa ukaa inatolewa kwa kuipitisha gesi kwenye maji yenye presha, au kwa vichujio maalumu, mpaka methani ifike kama asilimia 97. Ile sumu ya yai viza nayo itolewe, kwa mtambo mdogo unaipitisha kwenye chuma chenye kutu, hata vile vyuma vya kusugulia masufuria vikishashika kutu vinafanya kazi, lakini uvibadilishe kwa wakati. Usipofanya hivo silinda na vali zinaliwa ndani kwa ndani, ukiongeza na chumvi ya bahari yetu inayokula chuma kwa nje, kompresa yako, yani mashine ya kuibania gesi, haitadumu. Kompresa yenyewe ya presha ile, na mashine ya kusafishia, na umeme wa kuziendesha, bei yake jumla naona itaipita Dyna yako. Huwezi kurudisha pesa hiyo kwa lita nane kwa siku.

Sasa tazama upande wa pili. Zile mita 24 za gesi ghafi, bila kusafisha hewa ukaa, bila kompresa, ukizipitisha tu kwenye kile chuma chenye kutu na mtego wa maji, ukazileta kwa bomba kwenye jiko, zina nguvu ya kama kilo 11 za gesi ya kupikia kila siku. Punguza kwa mambo ya kawaida tufanye kilo 8. Ni mtungi wa kilo 15 kila siku mbili. Piga hiyo kwa bei ya mtungi unaonunua huko Nungwi alafu uniambie kama bado unaitaka gari. Jiko la kupikia chakula cha wafanyakazi wa hoteli linaweza kubeba gesi yote hiyo, na hoteli wenyewe wana sababu ya kuchangia mana wanalipa mtu awatolee taka na wanalipa tena mitungi. Mimi ningekuwa wewe ningekaa na meneja wa hoteli kabla ya kukaa na fundi. Majiko yenyewe inabidi matundu yapanuliwe, gesi hii ni hafifu kuliko ya mtungi, kazi ndogo hiyo.

Tangi lako litakuwa la mita za ujazo 20 mpaka 25. Wengi wanapenda lile la kuchimbia chini, la matofali, na kwa mashamba ya Kizimbani au Donge kwenye udongo sawa, lakini Nungwi mko juu ya mawe, kuchimba shimo la ukubwa huo ni gharama tupu na jiwe lina nyufa. Weka tangi la juu, la faiba au la turubai nene la mpira. Na kioevu kinachotoka nyuma, ile mbolea, msikimwage shimoni! Mawe yale yanapitisha maji moja kwa moja mpaka visimani, na visima vya hoteli na vya wanakijiji ni vile vile. Kitafutiwe wakulima, mboga na migomba inaipenda sana. Kuna jambo moja wakulima watakuuliza, hoteli za watalii zina mabaki ya nguruwe, je mbolea yake vipi. Hilo muulizeni sheikh, mimi mtu wa mabomba, ila nakushauri uwaambie hoteli wakutengee ndoo yake kuanzia mwanzo, na wafanyakazi wako watakushukuru.

Nini kitiwe nini kisitiwe, hapa ntakaa kidogo kwasababu vitabu vingi vimeandikwa kwa taka za watu wengine. Wali, ugali, mikate, viazi, maganda ya ndizi, embe zilizooza, mashelisheli, fenesi, mabaki ya sahani, vyote tia. Makumbi na vifuu vya nazi usitie, bakteria hawali mti, vitajaza tangi tu. Na yale makapi ya miwa ya Forodhani hivo hivo, yanaelea juu yanafanya tabaka gumu, bora yakaushwe yawe kuni. Machungwa na ndimu ndo watu hawajui: maganda yake yana mafuta yanayoua bakteria, hoteli inayokamua juisi ya machungwa asubuhi kwa wageni mia itakuulia mtambo taratibu na wewe unashangaa kumetokea nini. Yatenge. Karafuu ni kali zaidi, na ndugu zetu wa Pemba wanaofikiria kutia makapi ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kutoka kiwandani Wawi nawaambia kitu kile kile kinachofanya mafuta ya karafuu yatulize jino ndo kinachoua bakteria. Matumbo ya samaki kidogo kidogo tu, yana protini nyingi, inageuka amonia na ikizidi mtambo unasimama. Mafuta ya kupikia yanatoa gesi nyingi kuliko kitu chochote lakini yakizidi yanatoa povu na asidi. Mwani uliotupwa pale Paje na Jambiani watu wananiuliza sana, unatoa gesi ndio, ila una chumvi na unazidisha ile harufu ya yai viza, mimi sijaupenda.

Na usisahau misimu. Masika Aprili na Mei hoteli nyengine zinafunga, ndoo kumi zinakuwa mbili. Mjini nako Ramadhani mchana kimya, jioni futari, Idi ikija mabaki yanamiminika. Bakteria hawajui Idi. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kitakachozidi mpelekee mwenye kuku, usikitie chote kwasababu tu kipo. Na huyo wa kuku usimkate kabisa, chakula kinachoweza kuliwa na mnyama kiliwe kwanza.

Haya, mabasi ya Ulaya na India. Ni kweli mia kwa mia. Linköping kule Uswidi mabasi ya mji yanatumia biogesi toka miaka ya 90, na mwaka 2005 wakatia na treni. Lakini angalia nani anafanya: ni mji. Kompresa ile ile isiolipa kwa lita nane inalipa kwa lita mia kadhaa, kwasababu mashine kubwa haigharimu mara hamsini ya ndogo, na mafundi wake ni wale wale.

Kwetu hapa mkoa wa Mjini Magharibi una watu karibu laki tisa kwa sensa ya 2022. Sitaki kukutajia tani za mji mzima. Chukua tu tani 10 kwa siku zilizochambuliwa, kutoka masoko ya Darajani, Mwanakwerekwe na Jumbi, Forodhani na mahoteli ya mjini. Kwa kiwango cha Indore ni lita 400 za dizeli kila siku. Gari la taka likila lita 40 kwa siku hiyo inaendesha magari kumi. Na magari ya taka ndo ya kuanzia kwasababu yana mwenye mmoja, yanalala sehemu moja, yanakwenda kila siku pale pale gesi ilipo, hayahitaji kituo cha kujazia kila mtaa. Daladala huwezi kuanza nayo, wa 502 Bububu na wa 116 Nungwi kila mmoja ana tajiri wake, hakuna atakaefunga silinda mpaka aone pampu, na hakuna atakaejenga pampu mpaka aone magari. Manispaa inaweza kukata fundo hilo kwa magari yake tu.

Kinachozuia hapa wala si mashine, ni mfuko wa plastiki. Zanzibar tumepiga marufuku mifuko toka 2006 lakini nenda kafungue ndoo yoyote ya soko utaona nini kimo, chupa, nepi, vijiko, nyaya. Mtambo wa kuozesha ukila plastiki pampu inaziba, mbolea inakuwa haifai shambani, na hapo umepoteza nusu ya faida. Indore walianza kwa kuchambua mlangoni, nyumba kwa nyumba, miaka kabla ya mtambo. Sisi tunapenda kuanza na uzinduzi. Na wakati tunasubiri, chakula kinachozikwa Kibele kinatoa methani ile ile bila kuendesha kitu, inapanda juu, na kwa miaka 100 kila kilo yake inapasha dunia kama mara 28 ya kilo ya hewa ukaa.

Kama moyo wako uko kwenye Dyna kabisa, kinachoifaa ni mafuta ya kukaangia yaliotumika, sio mabaki ya sahani. Hayo yanageuzwa kuwa dizeli kwa kuchanganywa na methanoli na magadi makali, lita 100 za mafuta zinatoa karibu lita 100 za dizeli na glisirini pembeni. Ila methanoli ni sumu, inapofua macho, na moto wake mchana hauuoni, si kazi ya kufanyia jikoni kwa bibi. Na usiyamimine yale mafuta kwenye tangi la gari kama yalivyo, nozeli zitaziba.

Mwisho huyo fundi. Usimtukane, labda mitambo ya jikoni anaijua vizuri. Mwambie akupeleke kwenye mtambo wake mmoja unaofanya kazi, aliouwasha zamani sio jana, ukaongee na mwenye nyumba yeye hayupo. Muulize maganda ya machungwa atayafanyaje. Muulize silinda za presha atazipata wapi na nani atazipima, akikujibu mitungi ya kupikia inatosha basi hapo pesa yako ibaki mfukoni. Na asije mtu akaingia ndani ya tangi kulisafisha, hata dakika moja, ile gesi ya yai viza ikizidi pua haiinusi tena na mtu anaanguka pale pale, na anaemfata kumuokoa anaanguka juu yake.

Kabla ya yote nunua mizani. Pima ndoo zako kila siku kwa wiki mbili, andika kilo, andika na machungwa peke yake, kisha niandikie tena tupige saizi ya tangi.